Mwasho wa Mwezi wa Nane

Jumanne, 9 Juni 1998
Viganja! Nyayo! Nimejikuna na gunzi la mahindi hadi damu. Ngozi haina hata kipele. Misheck amechukua blanketi akahamia sebuleni — eti usingizi wake mwepesi. Mwongo. Ananiogopa mimi, mke wake.

Alhamisi, 11 Juni
Mama mkwe amefika hapa mtaani Majimbo kutoka kijijini Kibugu na mafuta ya kondoo kwenye mkebe wa Kimbo. Amenipaka mgongo mzima. Nanuka zizi! Nimetapika kwenye beseni, naye anasema mimba ya kwanza ikifika mwezi wa nane ndivyo ilivyo. Mkojo umekuwa rangi ya chai ya turungi, isiyo na maziwa. Mwasho haujapungua hata chembe.

Jumatatu, 15 Juni
Majibu ya damu niliyopimwa hospitali yametoka. Daktari Riungu anasema shida ni ini. Eti ndani ya ini kuna wapagazi wadogo sana, kazi yao kuitoa nyongo na kuipeleka kwenye utumbo. Homoni za mimba zimewalegeza, basi nyongo inarudi kwenye damu. Ngai, Mungu wangu! Nyongo inatembea chini ya ngozi yangu! Nikijifungua nitapona. Lakini mtoto anaweza kufia tumboni, ghafla tu. Nirudi Jumatatu ijayo wanianzishie uchungu. Naogopa.

Jumapili, 21 Juni
Kumbe Tabby, dada yake Misheck, amesema kanisani kwamba nina ule mdudu wa UKIMWI, hii ya ini ni kisingizio. Jirani leo amekataa chai ya kwangu. Watu wananitia kinyaa kuliko nyongo. Misheck naye: kesho haendi mtu hospitali mpaka tujue uko na nini. Mama mkwe akaongeza, mtoto hatolewi kabla hajaiva. Nikamuuliza, na akiozea humu? Akatema mate chini. Sakafu niliyopiga deki mimi.

Jumatano, 24 Juni
Jumatatu ilipita. Mlango ulifungwa, funguo kwa Misheck. Leo asubuhi mtoto hakucheza. Nimekunywa uji wa sukari, nikalala ubavu — kimya. Nikapiga mayowe mpaka wakafungua. Sasa niko wodini. Nesi ameweka tumboni bomba lake la kusikilizia moyo wa mtoto, akasikiliza, akalihamisha, akasikiliza tena. Ametoka mbio kumwita daktari.
Misheck amemzuia nesi hapo mlangoni, anamuuliza kama hii yangu inaambukiza —