Kiti cha Kulia Kilichokataa Kukunjika

Bwera, Jumapili, baada ya misa

Thembo,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Sijakufa. Najua ungependa nifike huko upesi nikubebee spana, lakini bado niko huku juu, nina meno tisa, na mawili kati yake yanakutana. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Unajua mimi shule niliiacha darasa la tano, siku mwalimu aliponiambia nilete mzazi nami nikamletea mbuzi. Kwa hiyo ukikuta herufi imeanguka, iokote uendelee.

Kwanza habari. Mpakani Mpondwe siku hizi ukivuka unanawishwa mikono kwa maji ya dawa, halafu binti mmoja anakuelekezea kitu kama bastola kwenye paji la uso. Anapima joto, kwa ajili ya ile homa ya upande wa Beni. Mimi nilipimwa jana. Nikamwambia, "Angalia vizuri, mama, mimi niko moto tangu ujana." Hakucheka. Wewe ungecheka mpaka ukohoe. Hilo ndilo baya la kufa kwako, bwana. Mizaha yangu mingi siku hizi inaanguka chini, hakuna wa kuidaka.

Sasa jambo lenyewe. Nimekusingizia. Nimekusingizia mbele ya mke wako na mbele ya mdogo wako Mbusa, wiki nzima, nawe huna mdomo wa kujibu. Kidogo gari lako liuzwe kwa sababu yangu. Ngoja nikueleze, na usiniingilie kama kawaida yako.

Unalijua gari lako kuliko unavyomjua padri. Lile refu la watu wanane, limetoka Japani na maandishi ya Kijapani kwenye milango yote, ambayo wewe ulikuwa unatusomea kwa sauti kubwa na hakuna aliyejua kama unadanganya. Mke wako, Mama Masika, alilibakiza kwa kazi mbili zilezile. Ijumaa, siku ya soko, viti viwili vya nyuma kabisa vinakunjwa, vinainuliwa kila kimoja upande wake, vinafungwa dirishani, na pale katikati magunia ya vitunguu yanapanda mpaka karibu na paa, twende Kasese. Jumapili viti vinashuka, kwaya inapanda. Wewe mwenyewe ulisema hilo si gari, ni nyumba inayobadilisha nguo.

Basi wiki mbili baada ya kukuzika, mke wako akaenda kupakia. Kiti cha kushoto kikakunjika, kikapanda, kikafungwa, mtoto mzuri. Cha kulia, mgongo ulilala vizuri, lakini miguu ikang'ang'ania sakafu. Watu wakakivuta, wakakitikisa, wakakitukana kwa Kikonzo na kwa Kifaransa. Hakuna. Vitunguu vikabaki uani. Wiki ya pili hivyohivyo, vikaanza kuota majani.

Ndipo Mbusa akaja kutoka Kikorongo, kule anakouzia matairi. Alikuja na shati la mikono mirefu, nikajua kuna maneno. Akaliangalia gari, akaangalia vitunguu, akasema, "Mama Masika, hii gari inakaa tu. Iko mutu ya Kasese anaitaka. Kama ile kiti haikunji mpaka Ijumaa, Jumamosi anakuja kuibeba."

 Mke wako alifunga kitenge upya kiunoni, ingawa kilikuwa hakijalegea. Unajua vile anafanya. Bila gari hilo angerudi kuuza vitunguu kwa mafungu, amekaa chini pembeni ya soko, na magoti yake unayajua.

Nami, Thembo, kwa vile mdomo wangu hutangulia miguu, nikasema mbele ya wote, "Huyo ni marehemu. Ile kamba ya kuvuta miguu ya kiti, ameikata akaweka waya mahali pake. Mimi namjua. Thembo hajawahi kukutana na kamba akaiacha salama."

Watu wote wakakubali mara moja! Hapo na wewe ujiulize uliishi namna gani. Jirani mmoja akakumbuka ulivyofunga mlango wa choo chake kwa waya wa breki. Mbusa akatikisa kichwa, akasema, "Kaka alikuwa fundi ya kila mutu, gari yake mwenyewe akaiacha mugonjwa." Nikasema nitautafuta huo waya mpaka niupate, mimi fundi wa viti, miaka arobaini nashona viti vya magari kutoka Katwe mpaka Beni.

Jumatatu nikalala kifudifudi ndani ya gari, tochi ya simu mdomoni. Nikafuata njia yako ile ya kukagua kitu kimoja baada ya kingine. Mto wa kichwa, je, umeshushwa? Umeshushwa. Kiti cha mbele yake, kimesogezwa kutoa nafasi? Kimesogezwa. Mkanda, haukubanwa kwenye bawaba? Haukubanwa. Nikaingia kwenye kulabu za sakafuni. Humo nilikuta karanga, kifuniko cha soda, rozari ya mtu wa kwaya, na mfupa wa samaki ambao sina shaka ulitoka Hamukungu kwa wavuvi siku ile tuliyosema tumekwenda kumwona mgonjwa. Nimeutupa. Mke wako hajauona. Tuko salama.

Jumanne nikakuta kutu. Ile safari ya chumvi ya Katwe, nilikuambia tandika turubai, ukasema chumvi haiumi chuma kama imekauka. Haya. Nimesugua kwa msasa na mafuta ya taa mpaka kucha zangu zikawa za mtu mwingine. Kulabu zikang'aa. Nikazisukuma kwa bisibisi, zikacheza. Zilikuwa nzima! Zilikuwa zinangoja tu kuvutwa. Lakini kuvutwa na nini? Waya wako haukuwepo.

Jumatano nikatafuta waya. Alhamisi nikatafuta waya. Nikakuita majina. Nikasema, huyu mtu wa Butembo amekufa na siri ya kiti, na kule alikoenda anacheka. Kila nikitoka chini ya kiti, mke wako ananiletea chai, ananiuliza, "Shemeji, umeona?" Nami ninajibu, "Bado, mume wako alificha kama mwizi." Anarudi ndani. Chai ile ilikuwa inanishinda kumeza, lakini nilimeza.

Ijumaa asubuhi Mbusa akafika mapema. Alikuwa amekwisha kumpigia mtu wake. Akaketi kibarazani, akapewa ugali wa bundu na samaki wa makayabu, akala kama mtu asiye na haraka. Mimi nilikuwa ndani ya gari, nimechoka, mgongo wa kiti umelala, nikaona heri nikalie hicho kiti kuliko kuendelea kukibembeleza. Nikakaa. Kitu kikanichoma.

Thembo, kilinichoma pale ambapo mtu mzima hapendi kuchomwa. Nikasogea, kikanifuata. Nikapapasa. Chini ya ngozi ya plastiki, mahali mgongo unapokutana na kiti, kulikuwa na kitu kigumu, cha duara, kama pete kubwa. Nikakijua kabla vidole havijamaliza kukizunguka. Ilikuwa pete ya kamba ya kuvutia. Kamba haikukatwa. Hakuna aliyeweka waya. Kamba ilikuwa nzima, imelala ndani ya nguo mpya ya kiti, imeshonewa humo pande zote, mshono mzuri, wa uzi maradufu. Mshono wangu.

Sasa nikuambie nilipoushona, maana hilo sikuwaambia watu.

Uliniomba mwaka mzima nikishone kiti hicho. Kilichanika, sponji ikawa inachungulia. Mwaka mzima nikakujibu kesho. Nilikuwa nakutania kwamba wewe ni Thembo, mtoto wa kiume wa tano, mimi ni Bwambale, wa pili, na ingawa mama zetu hawakujuana, kwa majina mimi ni kaka yako mkubwa, na kaka mkubwa hasukumwi. Halafu ukafa. Mwili wako ulikuwa sebuleni, watu wako uani wamezunguka moto, na unajua kwetu maiti akiwa hajazikwa hakuna anayefanya kazi. Jembe linalala, hata nyundo inalala. Wakasema gari lako litakwenda mpakani kuwachukua wazee wa Butembo waje kukuzika. Nikaiwaza ile sponji. Nikawaza wazee wenu wanakalia sponji, wanasema, huyu alikuwa na rafiki fundi wa viti.

Nikatoka kama mtu anayekwenda kujisaidia. Nikajifungia karakana, mchana kweupe, na sindano. Nimekishona kiti kile chote kwa muda ambao watu waliimba nyimbo tatu. Nilikuwa naona vibaya. Kulikuwa na vumbi. Unajua karakana yako ilivyo na vumbi. Lilikuwa linaingia macho yote mawili na kutoka kwa wingi. Kiti cha kushoto nilikwisha kukishona miaka iliyopita, nikaacha tundu la kamba kama inavyotakiwa, kazi ambayo naweza kuifanya nikiwa nimelala. Hiki cha kulia nilisahau tundu.

Basi nimekaa juu ya makosa yangu, kwa makalio yangu mwenyewe, na hakuna aliyeniona. Mbusa anakula. Shetani akaja akakaa kiti cha kushoto. Akaniambia, Muzee, chukua wembe, pasua mshono, toa kamba, sema umepata waya wa marehemu umeutupa. Nikachukua wembe. Nikapasua. Nikavuta pete, kulabu zikasema ka-ka, kiti kikainuka chepesi kama mke wa kwanza akiitwa sokoni. Nikakifunga dirishani.

Wakaja wote mbio. Mbusa akapiga makofi, mikono bado na samaki. "Aksanti Muzee! Kumbe ni kweli, kaka aliiharibu."

Nami nikafungua mdomo kusema ndiyo.

Mama Masika alikuwa ameshika mlango wa gari. Akasema polepole, hakuna aliyemuuliza, "Lakini aliniambia ile kiti hajaigusa, anakungoja wewe uishone. Siku ya mwisho hospitali, aliniambia gari haina shida, nisiogope. Wiki hii nikajua alinidanganya ili nisilie."

Thembo, niliweza kumeza chai ya wiki nzima, lakini hilo halikupita kooni. Wiki nzima mwanamke yule alikuwa anaamini maneno yako ya mwisho kwake yalikuwa ya uongo, na aliyemwaminisha ni mimi.

Nikawaambia. Nikawaonyesha mshono, uzi, tundu lisilokuwepo. Nikawaambia siku gani na saa gani, na kwamba ulikuwa hujazikwa. Nikawaambia habari ya vumbi pia, kwa vile wote walikuwa wananitazama macho na vumbi lilikuwa limerudi.

Mbusa akaingiza kichwa ndani, akatazama ule mshono, akasema, "Eh, Muzee! Umeshona kamba ndani kama mutoto kwa tumbo!" Nikasema, na wewe ndiye mkunga uliyeketi unakula makayabu.

Mke wako akaanza taratibu, mabega kwanza. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, akashika mguu wa suruali yangu asianguke, akawa anasema, "Bwambale! Bwambale! Wiki nzima umelala chini ya gari unamutukana mutu, na kamba iko kwa matako yako!" Tangu uondoke sikuwa nimemsikia akicheka, na kwaya nzima haiwezi kupiga sauti ile. Kisha akajifuta uso kwa kitenge, akasema neno moja tu, kama anajiambia mwenyewe. "Hakunidanganya."

Mbusa akampigia mtu wake wa Kasese, akamwambia abaki na safari yake, gari haliuzwi. Mke wako akatoa hukumu. Kwa kushika sindano maiti akiwa ndani, na kwa kumsingizia mume wake, nitakunja viti hivyo mimi mwenyewe kila Ijumaa asubuhi, na kuvishusha kila Jumamosi jioni, na nitakwenda naye sokoni nikilinda vitunguu. Nikasema mgongo wangu ni mzee. Akasema mdomo wako je?

Tulipakia siku ileile. Magunia yalipanda mpaka nikabaki na nafasi ya goti moja. Tulipopita Kikorongo nilikuwa nimekumbatia gunia kama bi harusi, na harufu ya vitunguu ikanitoa machozi barabara nzima. Safari hii nina mashahidi kwamba ni vitunguu.

Nimeshaweka tundu la kamba, nimelizungushia uzi mwekundu ili hata kipofu aone.

Sasa lala, ndugu yangu. Lala upande wowote unaotaka, kazi ya huku imeshikwa. Nami naahidi hivi, na ninaandika kwa wino ili isiniponyoke: sitakusingizia tena kitu chochote ambacho hukukifanya. Ulivyovifanya kweli vinatosha, na nitamsimulia Mama Masika kimojakimoja, kila Ijumaa, kuanzia Bwera mpaka Kasese.

Mimi kaka yako mkubwa kwa jina,
Bwambale