Asante, Mjomba, kwa Kutokuwa Injinia

Mtaa wa Turil,
Mansura, Misri.
9 Novemba 2018

Mpendwa Mjomba Mamduh,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo Mjomba, na baridi ya Genova huko Italia inakutendeaje? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinuka asubuhi? Mkaza mjomba Safaa hajambo, na Lina ameizoea shule mpya? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Magoti ya Baba ni yale yale, sukari ya Mama imeshuka, na Bibi anakula vizuri kutushinda sote.

Najua utacheka kuona barua wakati simu zipo. Lakini nikikupigia, kila mtu humu ndani ananinyang'anya simu kabla sijamaliza salamu. Halafu kuna kitu nimekitia kwenye bahasha hii ambacho hakipiti kwenye simu. Usikitazame kwanza, maliza kusoma.

Nataka kukushukuru, na nataka kukushukuru vizuri, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali. Ulichosikia siku ile ni sauti tu. Hukuziona sura zetu.

Huenda hukuambiwa kwamba Baba alimkataa Hazim alipokuja kuniposa mara ya kwanza. Hakumwona ana kasoro yoyote ila hiyo kazi ya kutengeneza lifti. "Nimpe binti yangu mtu anayeshinda kwenye shimo kama panya?" Ndivyo alivyosema, na Hazim mwenyewe yuko ngazini anashuka, akasikia. Mara ya pili Baba akasema atafikiri. Alipomaliza kufikiri akatoa sharti: Hazim aje na wazazi wake tusome Fatiha ya uchumba, lakini mbele ya ndugu na kwenye kadi ya harusi aitwe Injinia Hazim. Baba aliona amefanya hisani kubwa. Kwani nani hapa mjini haitwi injinia? Anayetuletea mtungi wa gesi tunamwita injinia, hasa siku gesi ikiisha na wageni wapo.

Basi Ijumaa ile wakaja. Mama alikuwa amepika bata aliyejazwa vitunguu, na Shangazi Inshirah alikaa karibu na mlango asipitwe na neno. Mama yake Hazim alileta boksi la keki, akaliweka mapajani, hakulitua. Nadhani moyo wake ulishamwambia.

Baba akaanza vizuri, akamkaribisha "Injinia Hazim" kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Hazim akaweka kikombe chini. "Haji, niwie radhi," akasema, "mimi ni fundi. Nikianza kukudanganyia watu leo, kesho nitakudanganya wewe."

Mjomba, nilimpenda pale kuliko siku zote, na papo hapo nilitamani kumfinya.

Shangazi akadakia, "Uuuh! Kwa hiyo tutatangaza kwamba mfamasia wetu anaolewa na spana?" Mfamasia ni mimi, ingawa unajua nauza tu dawa kwenye duka la daktari Nabila. Mama yake Hazim akasimama na boksi lake la keki. Akasema mwanawe ana mikono miwili na hakumwibia mtu, na kwamba njia ya mlangoni anaijua. Mimi nilikuwa jikoni na trei ya sharbati. Niliona maisha yangu yanatoka nje pamoja na ile keki.

Hapo ndipo Baba alipokupigia. Aliweka simu mezani, sauti nje, akasema, "Tumwulize Injinia Mamduh, mtu aliyesoma, anayeishi na Wazungu. Injinia, wewe ungemwoza Lina wako kwa fundi?"

Shangazi akasema mtandao umekatika.

Kisha ukauliza, "Huyo kijana anaitwa nani?"

"Hazim," Baba akasema.

"Mwambie Hazim akae. Na mama yake akae. Haji, mimi si injinia. Sijawahi kuwa. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nachomelea mabomba ya meli tangu nifike huku. Sasa kama fundi hafai kuingia nyumbani kwenu, basi na mimi msinisubiri harusini."

Hukuona alivyofanya Baba. Aliinuka, akaenda kusimama kwenye roshani akatupa mgongo. Hazim akaniangalia kupitia mlango wa jikoni, macho yakiniambia basi, ndiyo hivyo. Halafu Baba akarudi, akaiinamia simu, akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Na ile kofia ya njano?"

Ukamjibu, "Wote tunavaa, Haji. Hata mpishi akipita kiwandani anavaa."

Mama yake Hazim ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka keki ikayumba, na Mama akamfuata, na mimi na trei yangu. Maana unajua, Mjomba, ile picha yako ya kofia ngumu ya kazini Baba ameizungusha kila mkahawa wa Mansura. Ilitosha mtu mmoja tu pale mkahawani kusema "Mashallah, injinia huyo," Baba hakukanusha, na kuanzia siku ile ukawa injinia bila kwenda chuo. Baba akafuta machozi, sijui ya kicheko au ya nini, akamgeukia Hazim. "Kaa chini, fundi. Chai yako imepoa."

Tukasoma Fatiha.

Siku zote nilidhani vijana wanakimbia ufundi kwa uvivu, kama wanavyosema wazee. Hazim ameniambia habari za Wail, mwenzake wa miaka mingi, fundi hodari kumshinda yeye. Alipochumbia, watu wa binti walitaka kazi ya heshima. Sasa analinda geti la benki, amevaa sare, anakaa kwenye kiti, anapata nusu ya alichokuwa akipata, na wakwe wamefurahi. Kila nikifikiria hilo nakasirika upya. Tunawataka mafundi waje mbio bomba likipasuka, lakini wakibisha hodi kuomba mke tunawauliza vyeti, halafu tunashangaa kwamba hakuna anayetaka mwanawe ajifunze kazi.

Shangazi Inshirah amebadilika kidogo, si sana. Juzi lifti ya jengo lao iligoma, akapiga simu: "Injinia Hazim, mwanangu, mpenzi wangu!" Hazim akamjibu, "Injinia hayupo, Shangazi. Yupo fundi, anakuja saa kumi." Shangazi alimpikia wali wa maziwa.

Mama ananiambia yeye alijua zamani. Ulipokuja mwaka ule alikufulia mashati, akayaona yametoboka matundu madogo ya moto, ukasema ni sigara. Wewe hujawahi kuvuta sigara. Aliyashona yote akanyamaza, kwa sababu aliona jina lile linamfurahisha Baba, na akadhani linakufurahisha na wewe. Sasa analia kila akikumbuka kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kukwambia pole na kazi.

Pole na kazi, Mjomba. Najua jina lile lilikuwa zuri kulisikia kila ukirudi likizo na ukikaa mkahawani. Ulilivua mbele ya watu usiowajua, kwa ajili yangu. Sina cha kukulipa ila asante hii kwa maandishi, uihifadhi.

Bibi anakusalimu sana. Tulimweleza mara tatu, maana masikio yake ndiyo hayo, akasema, "Mwanangu anajua kuchomelea? Basi aje, mlango wa roshani umeshika kutu tangu aende huko." Mama na Baba wanakusalimu, Hazim na wazazi wake wanakusalimu, hata Shangazi. Kwako msalimie Mkaza mjomba, na umbusu Lina. Halua za Maulidi zimejaa madukani, Mama atatuma za kwenu akipata mtu wa kumbebesha.

Sasa itazame kadi. Baba aliyapeleka majina mwenyewe. Mchapaji alimpigia simu kwamba kuna makosa mawili, akitaka atamsahihishia bure. Baba akamfokea mpaka Bibi akasikia: "Hakuna kosa hata moja! Chapa nilivyoandika!" Utaona jina la Hazim, na chini yake jina la mjomba wa bibi arusi. Wote wawili Baba amewaandika Fundi.

Mungu aulinde mgongo wako na macho yako na moto ule, na akulete salama. Njoo, Mjomba. Tunakusubiri.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukushukuru,
Nihal