Nimeshiba, Huku Juu ya Kebirigo

Mama, shikamoo. Huku ni baridi, na ile sweta uliyonilazimisha kubeba sijaivua tangu asubuhi. Ulihofia nitatembea peke yangu msituni. Sikiliza basi.

Ungeliona bonde hili ungeacha kuisifu milima yako ya Taita. Mashamba ya chai yanashuka mteremko mzima hadi kwenye miti ya mtoni, na njia nyekundu inapita katikati, imelowa umande. Nikishuka, mama mmoja aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe aliniuliza natafuta nini. Nikamjibu natembea tu. Alinitazama kwa huruma, akageuka, akapaza sauti ng'ambo ya mto. Ni Kikisii, sikuelewa hata neno. Ng'ambo wakaitikia, na ile sauti ikatangulia mbele yangu, kilima hadi kilima.

Tangu hapo, kila nilipotaka kupotea msituni, mtu alinyoosha mkono kunionyesha njia kabla sijauliza. Nilipovuka mto na kumaliza kupanda kilima cha ng'ambo, mama mzee alikuwa amesimama njiani ananingoja.

"Wewe ndio ule msichana anatembea bila kazi? Ingia ukule."

Ugali wa wimbi ulikuwa mezani, na chinsaga, mboga chungu waliyoitia maziwa mpaka ikawa tamu ajabu.

Akauliza kama mama yangu anajua niko wapi. Nikasema nitakuandikia. Akasema niandike sasa hivi, na hapa amenisimamia. Anataka ujue nimekula. Nimekula, Mama, nimeshiba. Anasema ulale usingizi wako, mtoto yuko kwake.

Mghoi wako