Caren Aloo, Sista Aliyeitambua Damu Nzito

Mwaka umetimia, Caren, tangu figo zilipokushinda, tukakurudisha nyumbani Kisian na kukulaza kando ya Mama. Tulitaka kukuandikia maneno matamu tu. Utusamehe, dada. Mwaka huu tumejaa kinyaa.

Kwanza yaliyo yako. Ulisugua viganja mpaka vikapata joto kabla ya kumgusa mtoto yeyote, hata hawa wako waliokwisha kukupita kimo. Ulinusa kila samaki pale sokoni Otonglo hadi wauzaji wakakununia, na bado walikuwekea wa asubuhi. Miaka kumi na tisa ukiwa muuguzi uliwahudumia watoto wachanga katika hospitali ile ya Mamboleo, na hukuwahi kumwita hata mmoja "kesi".

Ndipo akazaliwa mwana wa Nangila, mwekundu kama nyanya iliyoiva. Wodi nzima ikamsifu kwa afya. Wewe ulimwona akishindwa kunyonya, nyayo zikigeuka buluu, mikono ikitetemeka.

"Nangila, damu ya mtoto ni nzito," ulimwambia mama yake. "Chembe nyekundu zimezidi. Haipiti vizuri kwenye mishipa midogo, na ubongo unaweza kukosa hewa."

Daktari wa zamu hakuinua macho kutoka kwa simu yake. "Sista, siku hizi unapima damu kwa macho?"

Ulimtoa mtoto damu kwenye mshipa wa mkono, ukaipeleka maabara mwenyewe, ukasimama pale mpaka majibu yakatoka: chembe nyekundu asilimia sabini na mbili ya damu. Ikipita sitini na tano ni hatari. Ukaiweka ile karatasi juu ya simu ya daktari. Hapo ndipo alipoamka. Akatoa damu kidogo kidogo kupitia kitovu, akirudisha maji ya chumvi kwa kiasi kilekile. Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa analia kwa njaa, na akanyonya.

Wiki iliyofuata daktari alipigiwa makofi mkutanoni. Wewe ulipewa barua ya onyo, eti "umevuka mipaka ya kazi". Tulikusihi uache kazi ile. Ulisema, "Na hao wachanga nimwachie nani?" Ukarudi zamu.

Mazishini, meneja alishika maikrofoni akajisifu jinsi hospitali yake ilivyomwokoa mtoto wa Nangila, jeneza lako likiwa mbele yake. Kisha wakatundika picha yako mapokezi, chini wameandika "Malaika Wetu". Tuliandika mara mbili kuomba onyo lile lifutwe. Halijafutwa. Inachefua, Caren. Ulipokuwa hai walikudharau, sasa wanakutumia kuvutia wagonjwa.

Juzi Baba alivaa koti lake la kanisani, akaenda Mamboleo, akapanda juu ya kiti cha wageni na kuitoa ile picha ukutani.

"Mzee, hiyo ni mali ya hospitali!" msichana wa mapokezi akapaza sauti.

Baba akaichomoa picha, akamwachia fremu mezani. "Hii ni yenu. Uso ni wa mtoto wangu."

Tunaokukumbuka ni baba yako Absalom Opondo, mume wako Sydney Obonyo, wanao Akello na Owiti, nami dada yako Dorca. Nangila yuko pamoja nasi, na mwanawe, ambaye sasa anakimbia.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe. Kuwasamehe wale, bado tunaomba nguvu.