Mume wa Mama

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila nikiona kiatu kidogo dukani machozi yananitoka.

Hapa kwenye bohari ya dawa tumeingiliwa na wezi wa mtandao. Nilikuta barua pepe yenye jina lako: "Mtoto wako anaumwa sana, bonyeza hapa umwone." Kidole kikafika kabisa kwenye kitufe. Nikajiuliza, Mama tangu lini akamwita mwanangu "mtoto"? Kwako ni "mume wangu" kutwa kucha. Nikaacha. Mhasibu alibonyeza ya kwake, wezi wakazifunga kompyuta zote.

Bosi anataka tunyamaze, wateja wasikimbie. Lakini kuna sheria mpya ya kupeana taarifa za vitisho kati ya biashara na serikali: ukisema mapema, hayo uliyosema hayakupeleki mahakamani, na wenzako wanaonywa. Barua pepe niliyoletewa nayo inatakiwa. Ina jina lako, ndiyo maana naomba ruhusa. Bohari ikifa, sitaweza kuja kumchukua mwanangu.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kama lilivyozoea. Niliposoma "vitisho" nikashika mwiko, nije nimwone huyo anayekutisha. Fundi simu jirani ndiye aliyenielewesha kwamba ni hao wezi wa mtandao, huku akicheka.

Itoe. Jirani akiibiwa akanyamaza, kesho mwizi yuko kwako. Ila wasitangaze kwamba nimeolewa na mtu asiye na meno.

Moyo unanidunda kwa jambo moja: siku nikikuita kweli, utaamini? Tukubaliane hivi. Ukisoma "mtoto wako", huyo ni mwizi. Ukisoma "mume wangu", njoo.

Mama yako

21 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole ya goti. Bosi alipiga simu serikalini mwenyewe, jasho likimtoka. Onyo limezungushwa kwa wenye biashara, nimeliona: jina lako limefutwa, pameandikwa "jamaa wa karibu". Zahanati ya jirani walikuwa wameletewa barua ileile. Hakuna aliyebonyeza.

Kompyuta zinafunguliwa mojamoja. Kazi ipo, na nimepata chumba chenye dirisha. Naogopa kimoja tu, mwanangu asije akasimama nikiwa sipo.

Binti yako

24 Machi, ujumbe wa simu

Mume wangu leo kaachia ukuta. Kasimama, kayumba, kakaa chini, kacheka. Nimemkataza kurudia mpaka ufike, lakini unamjua, hasikii la mke.

Njoo.

Mama