Foto Yenye Niko Ndani

Mujukuu wangu Neema,

Pokea salamu toka Masisi. Tuko muzuri, maharagi imeota, na ngombe yetu ya madoa ilizala. Uliniuliza nani alipiga ile foto yetu, maana miye na koko yako mwanamuke, bibi yangu, wote wawili tuko ndani.

Ni miye. Miaka mingi nilipiga foto za arusi za watu, lakini sikukuwa na hata moja na koko yako mwanamuke. Asubuyi yenye alikuwa anaenda kupasuliwa ku hospitali ya Goma, akakataa kupanda moto, ile pikipiki ya kumupeleka.

"Papa Baraka, leo usimame kando yangu. Nikikosa kurudi, watoto watuone pamoja."

Nikaweka aparei ya kupiga foto kwenye miguu yake tatu, nikaiunganisha na telefone kwa Wi-Fi, nikasimama karibu yake. Nikagusa telefone: kimya. Nikagusa tena, aparei ikalia kule mbele peke yake.

"Imetupiga!" koko akasema, akacheka.

Alirudi muzima kabisa, Mungu asifiwe. Sasa analalamika kwamba kwenye foto niliangalia telefone, na yeye alikuwa ananiangalia miye. Kila siku ananigombeza juu ya ile foto, na miye nasikiliza tu ile sauti yake.

Koko wako, Papa Baraka