Ukurasa wa Tisa Haupo

Jumatatu, 3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila nimepigwa na butwaa. Barua hii namkabidhi dereva wa basi la jioni, siwezi kuisubirisha.

Leo nimekabidhiwa darasa la pili, chumba kile kile ulichofundishia mpaka ukastaafu. Madawati yako yapo, kitabu chako kipo. Nikamsimamisha msichana mmoja, wenzake wanamwita Pengo kwa ajili ya meno ya mbele, asome ukurasa wa tisa. Akasoma bila kusita: "Kuku wetu ana vifaranga. Vifaranga wanakula mtama." Nikasogea nimpongeze. Mama, kitabu chake hakina ukurasa wa tisa! Umechanika zamani. Alikuwa anatazama picha ya ng'ombe.

Nikaandika "kuku" ubaoni, peke yake. Wote wakainamia vitabu. Hakuna anayejua kusoma. Hata mmoja! Na Ijumaa anakuja mkaguzi mpya.

Mwanao


Jumanne, 4 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti huuma likitaka, na leo limetaka.

Punguza moto. Siku moja darasani umeshakuwa hakimu? Watoto huanza kwa kukariri, macho yanafuata baadaye. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote, na hakuna mkaguzi aliyetoka chumba kile amenuna. Ijumaa anakuja, nawe hujathibitishwa kazini. Waache waimbe ukurasa wa tisa, uthibitishwe, halafu ndiyo ulete mapinduzi yako.

Mama yako


Jumatano, 5 Februari

Mama,

Shikamoo, na pole ya goti.

Macho yanafuata lini? Leo nimemwomba kiranja wa darasa la sita anisomee tangazo lililobandikwa mlangoni. Kaniuliza, "Ni ukurasa wa ngapi, mwalimu?" Darasa la sita, Mama! Tumelea kwaya tukaiita shule.

Vitabu nimevifungia kabatini. Tunaandika herufi sakafuni kwa chaki, wanazikanyaga huku wakizitamka. Pengo kaunganisha "ki" na "ti", akakimbia kukipiga kofi kiti changu: "Mwalimu, si ndiyo hiki!" Mwalimu mkuu akachungulia dirishani: "Hapa ni darasa au uwanja wa kuruka kamba?"

Ijumaa mkaguzi atawaona walivyo. Wakinifukuza, nitarudi nyumbani nikukande goti.

Mwanao


Ijumaa, 7 Februari

Mama,

Shikamoo. Sijakuuliza hali, nisamehe.

Mkaguzi alikuja, mtu mzima wa suti, miwani haikutoka mfukoni. Nikaandika ubaoni: "Mgeni amekaa kwenye kiti." Nikasema, "Someni." Watoto wakanitazama, wakamtazama yeye. Kisha mmoja wa nyuma akaanza, wote wakadakia: "Kuku wetu ana vifaranga..."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mkaguzi alifumba macho, Mama, akaimba nao! Mpaka mwisho, bila kukosa neno. Akapiga makofi. "Wanasoma vizuri sana." Hakugeuka hata kuutazama ubao.

Nimethibitishwa. Mwalimu mkuu kanipa mkono.

Pengo peke yake hakuimba. Alikuwa ameuendea ubao, kidole kwenye neno la mwisho. "Ki... ti." Makofi yakamfunika.

Mama, mtu yule ni nani?

Mwanao


Jumamosi, 8 Februari

Mwanangu,

Marahaba. La goti liache.

Barua yako nimeisoma nimesimama, sijakaa mpaka sasa. Mtu huyo akifika kwenye "mtama" huinua kidevu, siyo? Alikuwa mwanafunzi wangu, dawati la mbele, karibu na dirisha. Alikuwa na sauti nzuri kuliko wote. Kila mgeni akija, nilimsimamisha yeye, na darasa la tatu nilimpeleka mwenyewe kwa mkono, nikitamba.

Ripoti zake nani humwandikia? Tangu asubuhi najiuliza hilo tu.

Jumatatu nitakuwa mlangoni kwako kabla ya kengele. Kabati usilifungue. Ubao usiufute. Mwambie Pengo anisomee hilo neno lake moja.

Mimi nitanyamaza.

Mama yako